Mnavu wa Kegonga Una Arobaini na Nane

Jumamosi, Migori. Mvua imeleta matope hadi mlangoni, na hasira niliyo nayo hata chai haijaipoza.

Jumanne msimamizi wangu wa chuo alinipigia simu. Hakuniuliza hali.

"Ile mimea ya Kegonga iondoe kwenye tasnifu. Mnavu wa porini wa aina hiyo una kromosomu ishirini na nne. Wewe unaniletea arobaini na nane? Umehesabu vibaya."

Nikajibu, "Sawa, daktari."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Miaka kumi na mmoja nafundisha baiolojia, nawaambia wasichana wangu wasikubali jibu kwa sababu tu mkubwa amelitoa. Halafu mimi mwenyewe nikafyata mkia.

Sikulala vizuri. Jumatano nikaomba ruhusa shuleni, nikarudi Kegonga.

Mimea hiyo inaota kando ya ua wa Mama Boke, mkulima wa mahindi. Majani yake ni mazito kuliko ya mnavu mwingine, maua makubwa kidogo. Mwezi uliopita nilifunga baadhi ya maua kwa vifuko vya karatasi ili nyuki wasiyafikie. Mengine niliyang'oa stameni kabla hayajajichavusha, nikachukua chavua ya mnavu wa kawaida nikayapaka kwa mkono wangu.

Mama Boke alinisaidia kufungua vifuko. Matunda ya ndani yalijaa mbegu nzima. Yale niliyochanganya, mbegu zake zilikuwa mapepe matupu.

"Mwalimu, si ungeniuliza tu?" akasema. "Hii ya kwa ua haichanganyikangi na ile ingine. Tangu nimeolewa hapa iko hivyo tu."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Nilikuwa nimemuuliza kama inaliwa. Hilo la kuchanganyika sikumuuliza.

Nikachimba mizizi michanga, nikakata ncha zake, nikazihifadhi kwenye dawa. Leo asubuhi, maabara ya shule ikiwa tupu, nimezitia rangi, nikaziponda chini ya kioo na kuzitazama kwa hadubini. Seli ya kwanza, arobaini na nane. Ya pili, vilevile. Nimehesabu seli kumi na tano, mimea mitano tofauti. Kila nilipopata kromosomu zilizolaliana nikaiacha seli hiyo, nikatafuta nyingine, ili asije akaniambia nimebahatisha.

Arobaini na nane.

Wakati fulani, kwenye ukoo huu, idadi ilijirudufu. Mmea wa namna hiyo hauwezi tena kuzaa vizuri na ndugu zake. Ungekuwa unahitaji mwenza, ungekufa bila mtoto. Huu unajichavusha wenyewe, kwa hiyo mmoja tu ulitosha kuanzisha kizazi. Umesimama hapo uani miaka yote hiyo, unazaa, bila kungoja ruhusa ya mtu.

Nami niufute kwa sababu haulingani na jedwali la mtu?

Nimemtumia picha zote. Nikaandika: "Daktari, kwa heshima, nimerudia kuhesabu. Mimea hii siiondoi."

Jibu limekuja baada ya saa mbili: "Basi utaitetea mwenyewe mbele ya jopo. Ukiaibika, usinitaje."

Anaweza kuniangusha. Naweza kukaa na tasnifu hii mwaka mwingine mzima.

Nikamjibu: "Sitakutaja."

Nitamtaja Mama Boke.