Muktadha wa Dondoo

Mwalimu Ekisa,

Tangu tukuzike kule nyumbani kwako Kocholia, mama watoto wako amevuna karanga, mvua imekuja na kuondoka, na meza yako ya stafurumu, humu chumbani mwa walimu, imewekewa mashine ya kutoa kopi. Naibu wa mwalimu mkuu alisema meza ilikuwa inakaa bure. Mashine hiyo inatapika karatasi kutwa nzima: madondoo ya ile riwaya uliyoipenda, ya wavulana wa shule waliokwama kisiwani, yakiwa yamejibiwa tayari. Msemaji, msemewa, mahali, sababu. Vijana wanayakariri kwenye foleni ya uji.

Wewe hukutufundisha hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wako shuleni Sigalame, kabla sijawa mwalimu mwenzako hapa, ukifika kwenye dondoo zito ulikuwa unafunga kitabu, unamenya karanga ya kuchemsha, maganda unatia mfukoni mwa koti, halafu unauliza, "Sasa wewe, siku hiyo ungekuwa umesimama wapi?" Tulicheka. Rafiki yangu Taaka alisema angekuwa juu ya mti. Ulimngoja amalize kucheka, ukamuuliza tena.

Nakuandikia kwa sababu nimechefuka, Mwalimu, na kila ninayemwambia ananiambia nipunguze hasira.

Unamkumbuka Owori? Kijana mwembamba wa kidato cha pili, mamake anauza matoke Malaba, upande wa Uganda. Walikuwa wanamwita Mganda ingawa yeye ni Mjapadhola, kabila jingine kabisa, na ulikuwa unawasahihisha kila mara. Ulipoondoka hakubaki wa kuwasahihisha ila mimi, na mimi siko kila mahali.

Jumamosi moja mchana nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilisikia makofi nyuma ya bweni, makofi ya kufuatana kama ya kwaya. Nikaenda. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wamefanya duara karibu na tangi la maji. Waliponiona waliacha kupiga makofi, wakasimama wima na kunisalimia. "Habari ya mchana, Madam." Kwa adabu kabisa. Brayani, kapteni wa bweni, yule anayeongoza darasa langu la fasihi, alikuwa ameficha mkanda mgongoni. Owori alikuwa amechuchumaa katikati, mkono umening'inia, sikio linatoka damu. Nikauliza kuna nini. Brayani akasema, "Ameiba viatu, Madam. Tunamrekebisha tu."

Tunamrekebisha. Sijui neno hilo alilitoa wapi. Pengine kwetu.

Nilimpeleka Owori hospitalini Kocholia kwa bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati, na kila tuta alikuwa anashika pumzi asilie. Mkono ulikuwa umevunjika. Tuliporudi, fundi viatu anayekaa pale langoni aliniita kando. Vile viatu alikuwa navyo yeye. Mwenye viatu ndiye aliyempa avishone soli, akasahau.

Ningekuwa na nafuu kama ubaya ungeishia kwa watoto. Jumatatu tulikaa kikao. Palikuwa na chai na mandazi, na watu walikula, Mwalimu, walikula vizuri. Naibu akasema, "Hawa ni watahiniwa. Tusiwasumbue akili sasa." Mwalimu mkuu akatuomba tukubaliane kwamba mtoto alianguka kwenye ngazi. Shule yetu haina ngazi hata moja. Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja, watu uliowatafutia nyumba za kupanga, uliowasimamia watoto wakibatizwa, na kila mmoja alikuwa anachunguza kikombe chake. Mmoja aliniambia kwa upole, "Dada Nekesa, tia sahihi, tumalize." Sikutia.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio. Swali la dondoo lilihusu pale wavulana wanapomgeukia mwenzao. Karatasi ya Brayani ilikuwa safi, mwandiko umelala upande mmoja. Alieleza kwamba mtu akiwa ndani ya umati hujificha nyuma ya wenzake mpaka hajioni tena, na kwamba wanaonyamaza nao wamepiga. Hakukosea popote. Sehemu hiyo ya pili haikuwa hata kwenye karatasi za mashine; aliifikiria mwenyewe. Niliweka kalamu chini, nikatoka nje nyuma ya stafurumu nikatema mate, kinywa kilikuwa kichungu. Kisha nikarudi nikampa alama zote, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Sijawahi kuichukia kazi hii kama nilivyoichukia saa ile.

Babake Brayani alikuja kuomba msamaha. Alileta jogoo. Alimpelekea mwalimu mkuu.

Mama Owori alipofika, walimpa soda na maneno matamu. Soda hakuifungua. Alimsikiliza mwalimu mkuu hadi mwisho, halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. "Mwalimu, wewe uliona?"

Nikasema, "Niliona, mama."

"Basi twende."

Tukaenda polisi Malaba, yeye na sanduku la mwanawe kichwani, mimi nimemshika Owori mkono mzima. Niliandikisha taarifa, nikataja majina. Tangu siku hiyo naibu hanisalimii, na nimesikia nitahamishwa, pengine Nambale, pengine mbali zaidi. Juzi mwanafunzi mmoja alinong'ona "msaliti" nilipopita. Wenzake wakacheka kile kicheko cha pamoja ambacho siku hizi kinanisisimua ngozi.

Owori sasa anasoma Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mamake anasema mkono umeunga, ila sikio la kushoto halisikii vizuri, na akisikia watu wanapiga makofi kanisani anatoka nje.

Ninakukosa, Mwalimu. Ungekuwepo kwenye kikao kile usingepiga kelele, najua. Ungesukuma mandazi kando, uanze kuuliza mtu mmoja mmoja kwa jina, na wangeshindwa kumeza. Mimi nilishindwa hata kusema sentensi nzima. Nilisema tu "hapana, hapana," kama mtoto.

Kesi itasikilizwa Busia wiki ijayo. Mke wako ameniambia nitalala kwake usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba atanisindikiza, amevaa gomesi yake ya Jumapili. Wenzangu wamenishauri niseme nilifika nimechelewa, sikuona vizuri. Nimewaambia nitafikiria. Nimewadanganya, hakuna ninachofikiria.

Pumzika, Mwalimu wangu. Udongo wa kwenu usikulemee. Nakuahidi nitasimama mbele ya hakimu, nitamtaja Brayani, nitawataja walioshika mkanda na waliopiga makofi. Wakiniuliza kuhusu ngazi, nitawajibu pia.

Mwanafunzi wako,
Nekesa