Mnofu wa Samoni kwa Mdogo Wako

Benchi la kusubiria,
Nje ya chumba namba 6,
Kliniki ya mazoezi ya viungo.

Jumatatu, tarehe 9 Machi, saa tatu asubuhi.

Shemeji mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na bwana wako na watoto, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua tangu uanze kutembea asubuhi. Sisi tu hai, na neno hilo sikuliandika kwa mazoea. Nakuomba ukae chini ndipo uendelee kusoma.

Mwezi uliopita uliponiuliza kwenye simu mbona mdogo wako hapokei, nilisema amechoka, hotelini kazi ni nyingi. Nilikudanganya, shemeji. Mdogo wako alipata kiharusi. Kilimkuta kazini, mbele ya jiko, wageni wakisubiri sahani zao. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umeenda upande kidogo, na maneno yanamtoka kwa kubahatisha, mengine siyo yale aliyoyakusudia. Alilazwa siku kumi na moja.

Kila nilipochukua simu nikwambie alitikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka. Kwa yale maneno anayoyapata alinieleza kwamba wewe ulishamlea mara moja, inatosha. Nikamtii. Nyumba yetu unaijua ilivyo, ukikohoa sebuleni anasikia wa chumbani, kwa hiyo simu haikuwezekana. Leo yeye yuko ndani na mtaalamu anayemfundisha kusema na kumeza, mimi niko nje na karatasi hii, na siwezi tena kukuficha.

Mkono sio unaonitisha zaidi. Kinachonitisha ni kula. Koo lake halimezi kama zamani, hivyo tuliambiwa kila kitu kiwe laini na chenye unyevu. Nikawa naponda viazi, naponda karoti, naponda kila kilichopondeka. Anaonja kijiko kimoja, anafunga mdomo. Simlaumu. Mtu aliyepikia wageni miaka kumi na mmoja, leo analetewa rojorojo na mimi, fundi wa kuchomelea mageti! Lakini nguo zake zimeanza kumpwaya. Wiki iliyopita mtaalamu alisema waziwazi kwamba uzito ukishuka tena leo, watampitishia puani mpira wa kumlishia. Mdogo wako alinishika shati kwa mkono wake mzima na hakuliachia mpaka tulipofika nyumbani.

Juzi Jumamosi mchana, bosi wake wa jikoni, yule wanayemwita Jenerali, alikuja kumtazama akiwa na kiboksi cha barafu. Ndani mlikuwa na minofu miwili ya samoni, minene, ya rangi ya chungwa. Kumbe siku ya kwanza alipokuja, mdogo wako alimwandikia neno moja kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka: SAMONI.

Jenerali alipoondoka nilimuuliza mke wangu kwa nini samoni, si kuku, si yai. Ilimchukua muda kunijibu.

"Kila siku," akasema. "Sahani. Sahani. Wageni." Kisha akajigusa kifua. "Mimi, hapana."

Shemeji, miaka kumi na mmoja anawakaangia watu samaki huyo, na hajawahi kuvuta kiti akala wake. Sikulijua hilo. 

Nikampigia mtaalamu. Akasema sawa, mradi samaki asikauke, asiwe na mwiba wala ngozi, vipande viwe vidogo, mlaji akae wima na kidevu akiinamishe. Akikohoa, simamisha. Nilipoweka simu kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka. Mimi mafuta ya moto nayaogopa. Cheche za chuma zinanirukia kutwa nzima na sishtuki, lakini kikaango kikilia *chwaa* narudi nyuma kama mtoto.

Nilimweka kwenye kiti mlangoni pa jiko, mto mgongoni. Nikavaa glavu zangu za ngozi za kazini. Alipoziona alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mafuta yalipopata moto nikaushika mnofu wa kwanza.

"Ngazi chini," akasema.

"Nini?"

"Ngazi! Ngazi chini!"

Nikajua kuna mtu anapanda. Nikautupa mnofu kikaangoni ovyo ovyo, nikakimbilia mlangoni. Ngazi zilikuwa tupu kuanzia ghorofani kwetu mpaka getini. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nilidhani kiharusi kimerudi na sasa kimeshika akili. Nikarudi mbio, nikamshika mashavu, nikamwambia tabasamu, inua mikono, kama walivyonifundisha hospitali. Akanisukuma, akanyoosha kidole kwenye moshi. Kisha akanivua glavu moja, akaifinya ngozi ya mkono wangu mpaka nikapiga yowe.

"Hii! Hii chini!"

"Ngozi," nikasema. "Ngozi chini."

Akafumba macho kama mwalimu aliyepata jibu baada ya muhula mzima.

Lakini nilikuwa nimeshachelewa. Nyama ilikuwa chini, ngozi juu, tena samaki alikuwa bado na maji ya barafu mwilini. Alikuwa ameganda kwenye kikaango. Nilipomkwangua alichanika vipande vipande, na kila kipande kikavu kama makapi. Chakula cha namna hiyo kingemkaba. Nilikila mimi, nimesimama. Ukabaki mnofu mmoja.

Tulikaa kwanza. Nikaosha kikaango. Kisha tukaanza upya, yeye akisema, mimi nikirudia kila neno kabla sijagusa kitu. "Futa." Nikaufuta mnofu kwa kitambaa safi, juu na chini, mpaka haukuacha unyevu kwenye kitambaa. "Kidole." Nikapitisha kidole kutafuta miiba. Nilipata miwili, nikaing'oa kwa koleo yangu ndogo niliyokuwa nimeichemsha. Nikapitisha tena, na tena, nikiwaza mwiba mmoja tu utakaobaki. Chumvi. Mafuta kidogo. Nikangoja kikaango kipate moto sawasawa.

"Mbali," akasema. Maana yake niulaze mnofu kuelekea upande ule wa mbali, mafuta yasinirukie. Nikapiga moyo konde, nikaulaza, ngozi chini. Ukalia. Nikaukandamiza kwa mwiko bapa ngozi isijikunje, nikahesabu mpaka kumi.

"Acha."

Nikaacha. Baada ya muda nikanyoosha mkono nigeuze.

"Acha!"

Mara tatu nilitaka kuugeuza, mara tatu akanikataza. Akanionyesha ubavu wa samaki. Kweli, rangi ilikuwa inapanda kutoka chini, ile ya chungwa ikigeuka kuwa pinki iliyofifia, polepole. Ilipobaki kidogo kufika juu akasema, "Geuza." Nikageuza, na safari hii haukung'ang'ania. Ngozi ilikuwa ya kahawia, kavu, inaita mlaji. Nikatia siagi, haikupita hata dakika.

"Toa."

"Katikati hajaiva huyu."

"Toa, fundi!"

Tangu augue hakuwa ameniita fundi. Nikautoa.

Nikauacha upumue kwenye sahani, nikaondoa ngozi, nikaugusa kwa uma. Ukaachana wenyewe, tabaka kwa tabaka, unang'aa kwa unyevu. Nikamkalisha wima, kidevu chini. Kipande cha kwanza. Nilikuwa nalitazama koo lake kuliko ninavyotazama moto. Likapanda, likashuka. Cha pili. Cha tatu.

Cha nne akakohoa.

Shemeji, nilikuwa kama niliyemwagiwa maji baridi. Nikaivuta sahani, naye akaishika ukingoni kwa mkono wa kushoto. Nikasema tumeambiwa tusimamishe. Tukabaki hivyo, kila mtu na upande wake wa sahani, saa ya ukutani ikigonga. Nikamwambia aseme "aaa" nisikie kama sauti ina majimaji, dalili kwamba chakula kimepotea njia. Akasema. Ilikuwa kavu. Nikangoja dakika tano nzima, nikamwambia aseme tena.

Badala ya "aaa" akasema, "Chumvi."

"Imezidi?"

"Haitoshi."

Wiki tano mdogo wako hajalalamikia chakula. Alikuwa anafunga mdomo tu. Nilikwenda mbio kuchukua chumvi. Akala polepole mpaka ikabaki kona ndogo, na hiyo kona akanisogezea mimi.

Jana alikula mayai mawili laini, akinifokea namna ya kuyakoroga. Lakini mnofu mmoja na mayai mawili ni nini mbele ya mizani?  Hapa nilipo kila mlango ukilia nainuka.

Shemeji, wametoka. Naendelea baada ya nusu saa. Uzito haukupanda, ila haukushuka. Mtaalamu ametupa wiki moja zaidi bila mpira, tukapimwe tena Jumatatu ijayo. Sijui nicheke au nilie. Wiki moja si muda mrefu.

Mdogo wako ameiona barua hii mikononi mwangu. "Nani?" akauliza. Nikamwambia kweli. Alikasirika, akageukia ukutani. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Aje." Halafu akaongeza, "Asilie."

Kwa hiyo njoo, shemeji. Nami unisamehe uongo wangu, nitakuomba msamaha vizuri uso kwa uso. Msalimie bwana wako, wabusu watoto, na yule mama mkwe wako umwambie tunahitaji dua zake. Mola akufikishe salama. Na kama machozi yapo, yamalizie njiani.

Mimi nikupendaye na kukusubiri,

Shemeji yako, fundi.