Mpishi Hunywa Kwanza

Nyabusozi, Biharamulo
9 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Ndassa,

Shikamoo yako sijaipata tangu mavuno ya mwaka jana, lakini naiitikia hivyo hivyo: marahaba. Wifi yangu hajambo? Ng'ombe wamepona? Mimi ni mzima wa miguu na ulimi. Mikono ndiyo inatetemeka, kwa hiyo ukiona herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua, usicheke. Mimi niliishia darasa la tatu na ninaandika. Wewe wa darasa la saba kalamu imekuuma? Simu sikupiga kwa sababu yako unaiweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia.

Nimeacha kupika gongo. Nimeacha na kuinywa, hii ni wiki ya sita. Usianze kushukuru, soma kwanza.

Nilitaka kuacha tangu tulipomzika mwanangu Ferdinand, nikashindwa. Ulifika akiwa bado anapumua, ukayaona: saa sita mchana, jua liko utosini, anauliza kwa nini tumezima taa. Tangu siku ile, kila ikifika saa sita, namsikia nyuma ya ghala anaomba taa. Nikinywa ananyamaza. Basi nikanywa miaka miwili. Mwaka huu nikatapika damu, na Justina, yule muuguzi wa zahanati, akaniambia bila kunibembeleza kwamba nikiendelea sitafika mavuno, na akauliza hawa watoto wawili wa Ferdinand watabaki na nani, ikiwa mama yao Leonsia tulishamfukuza. Akasema mtu haachi peke yake, nitafute kikundi cha wanaoacha.

Nikaenda cha hapa hapa, wanakaa darasani Alhamisi. Nakuta wanaume kumi na mmoja, wote wateja wangu! Felisiani akasimama akauliza, bibi, siku hizi unatufuata na huku, au umetuletea? Wakacheka, kisha wakawa wanatazama viatu vyao. Nani ataeleza alivyoharibikiwa mbele ya aliyemuuzia? Nikajiondokea.

Nikaenda Nemba, kwenye maombi. Mchungaji akanishika kichwa akamfokea pepo wa pombe atoke. Nikamwambia, mwanangu, usimsingizie pepo, kupika nilijifunza mwenyewe. Hakupenda.

Ndipo Justina akanielekeza Lukole, huko Ngara, ambako hakuna anijuaye. Wanakutana chumba cha nyuma ya kanisa, wanawake kwa wanaume, na mzee mmoja Mrundi, Niyongabo, aliyesema anahesabu siku moja moja kama mtoto anayejifunza kutembea. Kiongozi ni mama mmoja, Agripina. Nilipoingia alimimina chai, akanywa yeye kwanza mbele yangu, kisha akanipa kikombe kile kile, akasema hapa mwenyeji anaonja, mgeni anywe bila hofu.

Ndassa, kikombe kilinitoka mkononi. Chai ikamwagika mpaka kwenye viatu vya Niyongabo. Walidhani ni mikono ya ulevi. Haikuwa mikono.

Unajua desturi yetu wapishi. Mpishi hunywa kwanza, mteja anaona, ndipo anapokea. Siku ile Ferdinand alitoka shamba, akaniuliza, mama, umeonja? Nikamjibu nimeonja. Sikuonja. Nilikuwa nimelewa tangu jana yake, harufu tu ilinigeuza tumbo. Na ile haikuwa yangu yote. Nilikuwa nimeiongezea dumu nililonunua kwa mtu wa kupita, hata jina lake silijui. Mwanangu akapokea akanywa, kwa sababu mama yake amesema. Alipoanza kupapasa ukuta nikaelewa. Iliyobaki niliimwaga chooni kabla hamjafika.

Halafu mkakaa kikao. Mkasema ni chakula cha Leonsia, mkataja na uchawi. Wewe ndiye uliyetamka kwamba aondoke na watoto wabaki kwenye ukoo. Nilikuwa nimeketi palepale, wala sikufungua mdomo. Leonsia alinitazama mimi, hakukutazama wewe. Aliposhika njia na mfuko wake mmoja niliingia ndani nikanywa.

Haya niliyasema Lukole, mbele ya watu nisiowajua. Hakuna aliyenipiga. Agripina akaniambia nimeanzia mahali sahihi, lakini wenye haki ya kuyasikia hawamo chumbani mle. Kwa hiyo juzi nimekwenda kwa Leonsia, kwa kaka yake kule Nemba. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza tu kama mwanawe mdogo bado anaogopa radi.

Nakuandikia wewe mwishoni, na ndivyo unavyostahili. Mwisho wa mwezi huu uje, uwaite walewale wa kikao. Nitayasema kwa mdomo wangu, nawe kwa mdomo wako utamsafisha yule mwanamke. Usilete maneno ya heshima ya ukoo. Ferdinand bado anaita kila saa sita, usidhani amenyamaza. Siku hizi sinywi ili anyamaze. Nakaa namsikiliza.

Nisalimie wifi na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Ukifika usipokuta watu hapa nyumbani usishtuke wala usizunguke kwa majirani. Uje Nemba; nitakuwa nimekwenda kuwarudisha watoto kwa mama yao.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Kwandu