Wamelifuta Jina Letu kwenye Kazi ya Mwezi

Mabatini,
Mwanza.
9 Machi 2025

Mpendwa wajina wangu Malimi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Hujambo? Baridi ya Ujerumani bado inakutafuna? Unakula ukashiba? Mimi mzima, goti tu ndilo korofi. Anayeandika ni Dorcas mdogo wako. Nimemwambia asipunguze ukali.

Nimekasirika! Amenisomea ujumbe wako kwamba ile kazi yenu ya kuupima mwezi wa angani imechapishwa na jina lako halimo. Miaka minne! Mkuu wako yumo, rafiki zake wamo, wewe humo. Eti, "Bibi, nimeyaacha yapite." Yapite yaende wapi?

Dorcas kanieleza. Chombo kinauzunguka mwezi. Penye mwamba mzito kinavutwa zaidi, penye mwepesi kinavutwa kidogo. Mnapima mvuto huo, mnapima na milima na mabonde, mnalinganisha, ndipo mnajua gamba la mwezi ni nene wapi na jembamba wapi. Wenzako waliona bonde wakasema mvuto hapo utakuwa mdogo. Wewe ukaona umezidi, ukasema gamba limekuwa jembamba, mwamba mzito wa chini umepanda. Wakakubishia, ukahesabu upya mpaka wakakubali. Halafu wakakufuta!

Umemsahau fundi Elias na choo chetu? Aliona tambarare, akasema udongo mtupu. Nikatwanga ardhi kwa mchi, nikamwambia, "Jiwe liko karibu hapa." Akanicheka. Futi mbili tu, sululu ikaruka! Shimo likahamishwa, naye akawatangazia majirani kwamba aliyegundua ni yeye. Nilinyamaza? Nilimfuata mpaka sokoni Mkuyuni, akasema ukweli mbele za watu. Ulikuwa umenishika kanga, ukiona yote.

Jina hilo nilikupa mimi, nami nilipewa la bibi yangu. Si lako peke yako hata uliachie. Madaftari yako ya hesabu unayo. Mwandikie huyo mkuu leo. Akikataa, nenda kwa walio juu yake. Ukiogopa, sema bibi kakutuma.

Baba yako Venant anakusalimu, na shangazi Paskazia pia. Mungu akufunike usiku na mchana, akupe na mdomo.

Shule sikuiona. Nilikuwa naweka dole gumba, mpaka siku ya kusaini fomu zako za kwenda kusoma; nikaona aibu, nikajifunza kuandika neno moja. Dorcas ananiachia kalamu sasa. Hili naandika mwenyewe.

Bibi yako akupendaye hata akifoka,

MALIMI