Simu Moja, Akina Maria Sita

Tumaini, mume wangu mdogo,

Baridi ya Njombe haijatumaliza, miparachichi imezaa vizuri, na babu yako anaota moto huku akinisema. Umeniuliza utamwelezaje bosi wako huko Makambako kwamba kompyuta zote za ofisi zinaweza kutumia anwani moja tu ya intaneti. Msimulie habari ya simu ya parokia yetu.

Kijiji kizima tulikuwa na namba moja. Siku moja babu yako, wakati huo kijana wa Makambako, akapiga akasema, "Namtaka Maria." Katekista akagonga kengele, tukaja mbio akina Maria sita kutoka mashambani. Maria mjane akawahi kushika simu. Babu yako, kwa haraka zake, akaposa palepale.

"Nimekubali, baba!" mjane akamjibu.

Jumapili alipofika, alimkuta mjane ameshaandaa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa ajili ya wageni.

Tangu hapo katekista akaweka sheria: ukipiga wewe kwanza atakukumbuka, na jibu likija atakuita wewe tu. Simu ya nje isiyosubiriwa na mtu, anaikata. Namba ilibaki ileile, na ugomvi ukaisha. Mwambie bosi wako kompyuta zenu ndizo akina Maria, na kile kifaa cha intaneti ndicho katekista.

Basi ikabidi nianze mimi kupiga. Ndiyo maana mpaka leo babu yako anawatangazia watu kwamba mimi ndiye niliyemposa.

Bibi yako, Maria asiye mjane