Mustangi Anayenifuata Nyuma

Texas, Jumapili

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Gongoni goti limepoa, na mama bado anagombana na kuku kila asubuhi. Mimi sijambo. Nimenenepa, mkanda nimeutoboa tundu jipya.

Uliniuliza kama kweli napanda farasi au nawadanganya majirani. Dada, mwaka wa tatu huu nipo kwenye shamba la farasi na sijapanda hata mmoja. Nazoa mavi, nalisha, nasugua. Mguu ukigusa tu kikuku cha tandiko, moyo unarudi Tabora bila mimi.

Ila nawajua kama mashemeji, kila mmoja na kabila lake. Kuna Kwota, mpana huku nyuma, aliyezalishwa kwa mbio fupi za robo maili. Anatoka kama risasi, kisha basi, kama mumeo akisikia pilau imeiva. Apalusa ana madoadoa kama kanga wa porini; kabila lake lililelewa na wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa Marekani. Morgani ni mdogo lakini anavuta gogo, na ukoo wake wote umetokana na dume mmoja tu, wa mwalimu. Mwambie shemeji, walimu wenzake huku wameacha kitu!

Sasa mwezi uliopita akaletwa Mustangi, jike la kijivu. Mababu zao waliletwa na Wahispania kwa meli, wakatoroka, wakajikalia mbugani. Wana kwato ngumu, akili nyingi, na hawamwamini mtu. Wenzangu walimkimbiza na kamba siku kumi, wapi! Mama Ellen, mwenye shamba, akasema, "Ijumaa ikifika hajafungwa kamba, Jumamosi anaondoka."

Iliniuma. Nilishamzoea, kila asubuhi namtukana kama mtani wangu Mzaramo: "Umewakimbia Wahispania, ukaona haitoshi, unanikimbia na mimi?" Ananikoromea, tunaachana.

Alhamisi nikatumwa kupeleka tandiko banda la ng'ambo. Unajua kwetu mbung'o waliwamaliza farasi, mizigo ikabaki mabegani mwetu. Basi nikalitwika begani kama babu wa babu yetu na pembe zake za ndovu njia ya Bagamoyo, nikakata uwanja wa huyo Mustangi polepole, naimba, namtukana, sigeuki. Mara pumzi ya moto kisogoni. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakuja.

"Usigeuke, Ramadhani!" Mama Ellen akaninong'oneza kutoka kwenye uzio.

Bandani nikamvisha kamba, naye ananusa kofia yangu tu.

"Umefanyaje?"

"Sikufanya kitu, mama. Nilikuwa najiendea zangu."

Basi anabaki, na nimekabidhiwa mimi kumlea. Kumpanda? Tusiharakishane.

Mbusie mama mikono, msalimie shemeji mwalimu, na shangazi wa Kaliua akija mwambie dawa yake ya mgongo imenifaa.

Picha nimeitia humu. Waonyeshe majirani: huyo wa mbele, mwenye tandiko begani, ndiye mimi. Anayetembea mikono mitupu ni farasi.

Mdogo wako, mpagazi,
Ramadhani