Udi Juu ya Moshi wa Maandazi

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, Kariakoo yote tope.

Nimeunguza maandazi. Ingekuwa nyumbani ningecheka.

Lakini nimeyaunguzia kazini, kwenye duka la vitambaa la Mama Hansa, siku ya kwanza aliyoniachia funguo. Alienda hekaluni na familia yake, akasema duka lote liko mikononi mwangu. Nilifurahi kama mtoto.

Ile maikrowevu mwanawe aliileta kutoka Dubai, tukaiweka stoo, nyuma ya pazia. Mama Hansa alinifundisha vizuri: dakika moja inatosha, usiiache peke yake. Kitu kikiungua, zima, usifungue mlango mpaka moshi utulie humo ndani, kisha chemsha bakuli la maji na limau. Niliitikia kila neno. Ila mimi nimekulia kwenye jiko la mkaa, dakika moja naiona si kitu. Nikaweka tano, akaingia mteja, tukaanza kuvutana bei.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nikakimbia nikafungua mlango palepale, kama mtu anayeepua sufuria. Moshi wote ukanipita usoni ukaenda kutua rafuni.

Rafuni kulikuwa na lesi ya Bi Zuhura.

Ni ya bintiye anayeolewa Ijumaa. Kipande cha mwisho cha rangi ile, kimeshakatwa, na kesho asubuhi anakuja kukichukua akipeleke kwa fundi. Nilikinusa. Kilinuka jiko tupu.

Maji ya limau yaliisafisha maikrowevu, sikatai. Lesi je? Kuifua siwezi, itapoteza upya wake. Nikafanya ambacho mama yangu angefanya: nikaazima chetezo kwa jirani muuza udi, nikaifukiza lesi taratibu mpaka harufu ya kuungua ikaisha. Nilijiona mjanja sana.

Mama Hansa aliporudi nilimwambia habari ya maandazi tu. Akatikisa kichwa, akaanza kukagua rafu. Alipofika kwenye lesi akainusa, akanigeukia.

"Asha, nani amevaa hii?"

Yeye ni Mhindi, lakini amewauzia Waswahili vitambaa tangu ujana wake. Kwetu nguo hufukizwa ikiwa ya kuvaliwa. Nani anafukiza kitambaa cha dukani? Bi Zuhura akisikia udi pale atajua jambo moja tu: kuna mwanamke ameshajitanda lesi ya bintiye, akaenda nayo shughulini, akairudisha. Na maneno ya shughulini yanavyosafiri, hakuna mama atakayenunua tena nguo ya bibi harusi pale.

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniumiza. Alisema, "Kesho utamwambia wewe mwenyewe," kisha akanyoosha mkono, nikampa funguo.

Nimeamua kumngoja Bi Zuhura mlangoni. Nimpe shikamoo yake, nimweleze kabla hajaigusa lesi, akitaka kunitukana anitukane. Nimeshajaribu kuyapanga maneno kichwani na kila mara nakwama palepale.

Nitamwambia ni maandazi. Mimi mwenyewe, ningeambiwa hivyo, ningeamini?